TAA YA KUTELEZA IMEWAKA KWENYE GARI? SOMA NAMBA KWANZA, SENSA UTANUNUA BAADAYE



Leo naongea na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe unayeuza mtandaoni na una kagari ka kupelekea mizigo ya wateja, yaani gari ikilala gereji siku mbili na oda zako zinalala nayo. Wa pili ni wewe unayeuza spea mtandaoni kama mimi, ambaye wiki haiishi hujapata meseji ya "kaka una sensa ya ABS?" Wote tunakutana kwenye kataa kamoja kadogo ka njano pale kwenye dashibodi: kigari kimechorwa, na nyuma yake mistari miwili imejipinda kama nyoka. Toyota wanaweka na maandishi ya TRC au VSC, Nissan wanaandika SLIP au VDC, wengine ESP. Mimi hapa nitaiita taa ya kuteleza ili tuelewane.

Niseme mapema, mimi sio fundi wa kusomea. Nimemaliza kidato cha nne, nikaingia Ilala kubeba spea za watu, leo nina kaduka kangu na simu yangu. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kukaa na mafundi umeme wa magari, kusoma vitabu vya matengenezo, na kubishana na wateja. Kubishana na wateja kunafundisha sana.

Na jambo lenyewe ni hili: ile taa inakula hela za watu kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu anaona taa, anakimbilia kununua sensa. Taa inabaki, ananunua nyingine. Au anampata kijana mwenye mashine, anaifuta kwa elfu kumi, anaondoka anafurahi, kesho asubuhi taa iko pale pale inamwangalia.

HUO MFUMO UNAFANYA NINI

Kila tairi ina sensa inayohesabu inazunguka kwa kasi gani. Sensa hizo hizo ndizo zinazotumiwa na breki za ABS. Kompyuta inalinganisha matairi yote manne muda wote. Ukikanyaga mafuta kwenye tope au mchanga na tairi moja ikaanza kuzunguka bure kuliko zenzake, kompyuta inaibana ile tairi kidogo kwa breki, au inapunguza nguvu ya injini, au vyote viwili, mpaka gari ishike njia. Kwenye gari zenye VSC au VDC inaongezeka sensa ya usukani, inayosema dereva anataka kwenda wapi, na nyingine inayosema gari yenyewe inaelekea wapi. Vikipishana, kompyuta inaingilia.

Ukilielewa hilo tu, umeshaelewa kwa nini taa moja ina sababu kumi. Kompyuta inategemea taarifa kutoka sehemu nyingi. Moja ikinyamaza au ikidanganya, inajiondoa kazini na kuwasha taa. Maana ya taa ni "sina taarifa za kutosha, endesha mwenyewe." Haijasema "nunua sensa."

KUPEPESA NA KUWAKA MOJA KWA MOJA NI VITU VIWILI TOFAUTI

Hapa watu wengi wanapotea. Ukiwasha swichi, taa inawaka sekunde chache kisha inazima. Hiyo ni kawaida, inajipima. Ukiwa unatembea kwenye utelezi ikapepesa pepesa kisha ikatulia, huo sio ugonjwa, hapo mfumo unafanya kazi yake. Punguza mwendo basi.

Ikiwaka na kung'ang'ania, angalia kwanza kama kuna neno OFF. Gari nyingi zina kitufe cha kuzima mfumo, na mtoto au hata mkono wa mtu anayepanga mizigo siti ya mbele unaweza kukibonyeza. Kwenye Toyota nyingi ukibonyeza mara moja unazima TRC peke yake, ukishikilia zaidi ya sekunde tatu gari ikiwa imesimama unazima na VSC. Bonyeza tena, au zima gari uwashe upya, inarudi. Usicheke, kuna watu wamelipa hela ya kupimiwa gari kwa sababu ya kitufe. Kile kitufe kina kazi yake lakini: ukikwama kwenye mchanga mwingi au tope, kompyuta ikikata nguvu kila ukikanyaga mafuta hutoki, kwa hiyo unazima, unatoka, unawasha tena.

Sasa kama hakuna OFF na taa imeganda, tazama imewaka na nani. Hii kuangalia majirani zake ni bure na inakusaidia kuliko unavyodhani.

Ikiwa peke yake, au na taa ya ABS ya njano, breki zako za kawaida bado zinafanya kazi. Ulichokosa ni msaada. Unaweza kwenda taratibu mpaka kwa fundi, ila usijisahau: ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye maji, matairi yanaweza kujifunga na gari ikaenda inakotaka yenyewe. Ikiwa na taa nyekundu ya breki pamoja na ABS, simama. Zima, angalia mafuta ya breki, na kama huelewi kinachoendelea vuta gari, usiendeshe. Hapo mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea pia.

Ikiwa imewaka pamoja na taa ya injini, hiyo ina hadithi yake. Nitaifikia.

VITU VYA KUANGALIA KABLA HUJATOA HATA MIA

Anza na betri. Betri iliyochoka inasumbua kompyuta hizi kuliko kitu chochote. Mita ya umeme ya bei ya kawaida inatosha: gari imelala, betri nzuri inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka inatakiwa isome kama 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo, shughulika na betri, altaneta au vichwa vya betri vilivyoota chumvi, usiguse kitu kingine kwanza.

Halafu matairi. Sisi wa biashara ndogo tunanunua tairi mojamoja kadiri hela inavyoruhusu, na mara nyingi tunafunga iliyopo. Soma namba pembeni ya kila tairi. Kama tatu ni 195/65R15 na moja ni saizi nyingine, hiyo moja inazunguka kwa hesabu tofauti na zenzake, kompyuta inaona kama inateleza siku nzima. Hata tairi moja mpya kabisa na nyingine imeisha kipara inaweza kuleta usumbufu. Upepo nao, pima.

Mafuta ya breki yasiwe chini ya alama. Taa za breki za nyuma ziwake unapokanyaga, maana ile swichi ya pedali inapeleka taarifa kwenye mfumo huu. Fyuzi za ABS zitazame.

Kisha jiulize swali ambalo fundi mzuri atakuuliza: gari ilifanyiwa nini kabla taa haijawaka? Ilibadilishwa shokapu? Beringi? Ilipelekwa kunyooshwa matairi? Betri ilichomolewa? Iliingia kwenye maji? Mara nyingi jibu liko hapo hapo.

DADA WA MASHUKA NA SENSA MBILI ZILIZOKUFA

Kuna dada mmoja wa Iringa anauza mashuka na vitenge mtandaoni, mzigo anaufuata mwenyewe Dar na X-Trail yake. Alinitafuta WhatsApp.

"Kaka habari. Nataka sensa ya ABS ya X-Trail, mbele kulia. Bei ya mwisho."

"Nzuri dada, karibu. Ipo. Umepimiwa na mashine, au fundi amekisia?"

"Nimepimiwa. Na nimeshabadilisha mbili, hii ya tatu. Za kwanza nilinunua kwa mtu mwingine, zilikuwa feki."

Sasa wewe kama muuzaji, hapo hela iko mezani. Mteja amechoka, hapunguzi bei sana, anataka tu. Ila mtu aliyenunua mbili akanunua na ya tatu kwako, ikifa hii utakuwa "mtu mwingine" kwenye meseji atakayomwandikia muuzaji wa nne.

Nikamuuliza taa inarudi lini. Akasema sensa mpya ikifungwa taa inazima vizuri tu, anakaa siku nne tano, kisha inawaka, na mara nyingi inaanza akiwa anakata kona kali. Nikamuuliza gari ilifanyiwa nini kabla. Akafikiri, akasema walibadilisha shokapu za mbele.

Nikamwambia dada usinitumie hela bado. Kata usukani wote upande mmoja, piga magoti, nipigie picha waya unaotoka nyuma ya tairi ya kulia kwenda juu. Halafu fanya hivyo hivyo upande wa kushoto.

Picha zikaja. Kushoto, waya umeshikiliwa kwenye mwili wa shokapu na kibano na bolti yake. Kulia, kibano kinaning'inia, bolti haipo. Aliyefunga shokapu hakukirudisha. Waya ukawa umeachiwa, kila akikata kona unavutwa, na ukirudi unasugua tairi kwa ndani. Kwa hiyo sensa ya kwanza ilikufa kweli, mashine haikudanganya. Na ya pili ikafa kweli, kwa ugonjwa ule ule. Haikuwa feki. Ya tatu nayo ingekwenda.

Nikamuuzia sensa na bolti ya kibano. Bolti sikumchaji. Nikamwambia fundi akimaliza, akate usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, aone waya hauguswi na kitu, ndio amlipe. Yule dada anapanda Kitonga na mzigo, msimu wa mvua. Hiyo sio barabara ya kwenda nayo huku ABS imejizima.

NAMBA INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Turudi kwenye mashine, maana hapa ndipo hela nyingi zinapotelea.

Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi yenye matundu 16. Hapo ndipo skana inachomekwa. Wengi wetu tumenunua vile viskana vidogo vya Bluetooth vinavyoongea na simu. Ni vizuri, mimi ninacho, ila ujue vingi vinasoma injini tu. Namba za injini zinaanza na P. Za mfumo huu wa breki na kuteleza zinaanza na C. Ukichomeka kiskana cha bei rahisi kikakuambia "hakuna hitilafu" huku taa ya kuteleza inawaka, gari haijapona, ni kwamba hicho kiskana hakijaingia kwenye chumba chenye mgonjwa. Tafuta fundi mwenye skana inayofungua ABS, na mwambie hivyo hivyo: nataka usome ABS, uniandikie namba, usifute.

Usifute. Rudia kumwambia. Namba ikifutwa kabla haijaandikwa umepoteza ushahidi, na utasubiri taa irudi ndio uanze upya. Piga picha kioo cha skana na simu yako.

Kwenye Toyota nyingi, C0200 ni sensa ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. C1231 ni sensa ya usukani. C1241 ni umeme mdogo, yaani ile betri niliyosema. C1210 na C1336 zinasema sensa za mwendo wa gari hazijawekewa sifuri yake, yaani kompyuta haijui "gari imetulia sawasawa" ikoje. C1201 nitaieleza chini.

Sasa sikiliza. C0200 haijasema sensa ya mbele kulia imekufa. Imesema taarifa kutoka upande ule haifiki vizuri. Njia kutoka kwenye tairi mpaka kwenye kompyuta ni ndefu. Kuna ringi ya meno, au ringi ya sumaku iliyo ndani ya beringi, ambayo sensa inaisoma. Kuna sensa. Kuna waya wake. Kuna soketi. Kuna waya wa bodi mpaka kwenye kompyuta. Popote hapo pakiharibika namba ni ile ile.

Utajuaje ni wapi? Tazama taa inarudi lini baada ya kufutwa. Hii ndio njia niliyoipenda kuliko zote kwa sababu unaweza kumuuliza mteja aliye Mwanza ukiwa umekaa dukani.

Ikiwaka hapo hapo ukiwasha swichi, gari haijasogea hata hatua, njia ya umeme imekatika au imegusana: waya, soketi, au sensa yenyewe imekufa kabisa. Ikizima, ukaondoka, ikawaka baada ya mita chache au ukifika mwendo wa 20 hivi, umeme unapita lakini usomaji ni mbovu: ringi ya meno imepasuka au imeota kutu, sensa imejaa unga wa chuma wa breki, au beringi mpya imefungwa upande wa sumaku umegeuzwa. Ikiwaka kwenye kona au mashimo, shika waya kama ule wa dada, au beringi inayocheza. Na kama unapokaribia kusimama, kasi ndogo kabisa, pedali inatetemeka na kunguruma kwenye mguu kama ABS inafanya kazi wakati barabara ni kavu, huyo mara nyingi ni ringi iliyopasuka au sensa inayosoma kwa kuruka.

Fundi mwenye skana nzuri anaweza kufungua ukurasa wa kasi za matairi, mkatembea polepole kwenye njia iliyonyooka, mtu mmoja anaendesha na mwingine anatazama. Zote nne zinatakiwa zipande pamoja. Inayosoma sifuri, au inayoruka, ndiyo yenyewe. Dakika tano tu. Fundi akikataa kufanya hivyo lakini anataka ukanunue sensa, tafuta mwingine.

Kabla ya kununua, ichomoe ya zamani uifute. Kweli. Ncha ya sensa ina sumaku kwenye magari mengi, inavuta unga wa chuma unaotoka kwenye diski. Kitambaa, usafi, soketi ikaushwe, irudishwe. Nimeona watu wakipona hapo. Ila usiivute kwa bisibisi kama imeng'ang'ania kwenye habu, itavunjika na hapo sasa utanunua kwa lazima. Kuhusu kuipima na mita: zile za zamani za koili unaweza kupima ukinzani wake, nyingi ziko kwenye omu elfu moja na kitu, na ukilinganisha kulia na kushoto zinatakiwa zifanane. Zile za kisasa zinazopewa umeme na kompyuta usizipime kwa njia hiyo, unaweza kuziua.

TAA ZOTE TATU KWA PAMOJA

Mzee mmoja mwenye Mark X alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia, "Kijana wangu, nimeambiwa pampu ya ABS imekufa. Wewe unazo?"

Ninazo, used, na ni kitu cha hela nyingi. Nikamuuliza mzee taa zilizowaka ni zipi. Akasema zote: ya injini, VSC, TRC. Na gari inatetemeka kidogo ikiwa imesimama.

Hapo kwenye kutetemeka ndio nikashtuka. Pampu ya ABS haitetemeshi gari iliyosimama. Nikamwomba apimwe upya, injini na ABS, anitumie picha ya vyote viwili. Upande wa ABS kulikuwa na C1201 peke yake. C1201 kwenye Toyota maana yake ni "injini ina shida, mimi najitoa." Mfumo wa kuteleza unahitaji kuipunguzia injini nguvu inapobidi. Kompyuta ya injini ikiwa na hitilafu zake, huo mfumo unajizima kwa usalama na kuwasha taa. Upande wa injini kulikuwa na P0304, silinda ya nne haichomi vizuri. Wakahamisha koili ya nne wakaiweka kwenye silinda nyingine, tatizo likahama nayo. Koili moja. Wakafunga nyingine, wakafuta, taa zote tatu zikazima na hazikurudi.

Tabia hii haiko Toyota tu. Subaru nao ukiwaka cheki injini, taa ya kuteleza inawaka pia. Kwa hiyo kanuni yangu dukani: taa ya injini ikiwa imo, tibu injini kwanza. Siuzi kitu cha ABS mpaka nione namba za P.

KUFUTA SASA

Ukishatengeneza, ndio unafuta. Skana inaingia ABS, inafuta, unatembea mwendo wa kawaida, kompyuta inajipima upya. Namba ikikaa mbali baada ya siku mbili tatu za kona na mashimo, umepona.

Kuchomoa betri ili kufuta taa, mimi sikushauri. Namba nyingi za ABS hazifutiki kwa kuchomoa betri, zimehifadhiwa. Utakachopata ni matatizo mapya: madirisha yanasahau kujifunga yenyewe, injini inaweza kubabaika ikiwa imesimama, na kama gari ina ile redio ya Japani, inajifunga na kukudai namba ya ERC. Wenye Mark X na Crown wanaijua hii. Na magari mengine baada ya kuchomolewa betri ndio yanawasha taa ya kuteleza kwa sababu sensa ya usukani imesahau katikati iko wapi. Kwa hayo, jaribu kwanza: injini ikiwa inawaka, kata usukani wote kushoto, wote kulia, rudisha katikati, tembea njia iliyonyooka kidogo. Kwenye baadhi ya magari inatosha, taa inazima.

Isipozima, au kama taa imeanza baada ya kunyoosha matairi, au namba ni C1210 au C1336, inatakiwa kuwekewa sifuri na skana: gari imesimama sehemu tambarare kabisa, usukani umenyooka, hakuna anayeitikisa, hakuna anayefungua mlango. Watu wanafanyia kwenye kilima cha gereji halafu wanashangaa.

Kuna mafundi wanaotumia kipande cha waya kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye ile soketi ya Toyota, taa ya ABS inapepesa kwa hesabu na wanasoma namba hivyo. Inafanya kazi kwa Toyota nyingi za zamani. Lakini tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukikosea tundu unaweza kuunguza fyuzi, au kitu kikubwa zaidi. Kama hujui kuhesabu matundu, mwachie anayejua.

UKINUNUA AU KUUZA GARI MTANDAONI

Nafupisha. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS na ya kuteleza zinatakiwa ziwake kisha zizime. Isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka, maana kuna wanaoziba taa kwa utepe mweusi kwa ndani au kuing'oa kabisa ili gari iuzike. Ukiwa unanunua kwa mbali, omba video ya kuwasha swichi, dashibodi yote ionekane, isikatwe. Ukiwa muuzaji na gari yako ina hiyo taa, ionyeshe kwenye video na useme namba iliyosomwa. Mnunuzi atapunguza bei, sawa. Ila hatakuja na polisi mlangoni.

MESEJI NINAYOMTUMIA MTEJA

Kwa wauza spea, nawapa ninavyoandika mimi. Imenipunguzia mizigo inayorudi na basi, na nauli ya kurudisha mnajua nani anaishia kuilipa.

"Karibu boss. Ili nikupe sensa sahihi naomba: picha ya namba ya chesisi, picha ya skana yenye namba ya hitilafu, picha ya sensa ya zamani na soketi yake, na upande. Upande tunahesabu ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva unatazama mbele. Taa ya injini inawaka pia? Taa inarudi lini baada ya kufutwa?"

Hiyo sentensi ya upande usiiache. Mteja anasimama mbele ya gari anaitazama usoni, kulia kwake ni kushoto kwa gari, na sensa za mbele kulia na kushoto kwenye magari mengi haziingiliani. Umetuma Mbeya, imerudi, mmenuniana, kosa ni neno moja.

Namba ya chesisi nayo inaamua. Mark X GRX120 na ile ya 4WD, majina yale yale, usidhani spea za miguu ni zile zile. Linganisha soketi kwa picha, hesabu pini, pima urefu wa waya.

Kabla sijafunga kifurushi narekodi video fupi: sensa, soketi, namba iliyochapwa juu yake, alama yangu ya rangi. Vitu vya umeme sipokei vikirudi vimeshafungwa kwenye gari, na hilo nalisema kabla hela haijaingia. Mteja akiwa hana picha ya skana na hataki kupima, namuuzia akitaka, ni hela yake, lakini namwandikia wazi kwamba amenunua kwa kukisia na sirudishi. Wengi wakisoma hiyo meseji wanakwenda kupima kwanza. Wachache wanakasirika wanahamia kwa mwingine. Nawaacha waende.

Aliyekwama aandike hapo chini aina ya gari, mwaka, taa zilizowaka na namba aliyosoma. Nikishafunga duka jioni napitia moja moja.